Chombo Kidogo na Njia ya Siri

Msomaji, ukifungua tovuti ya benki katika simu, utaona kwamba anwani yake huanza kwa herufi https. Wengi wetu tumefundishwa kuitafuta ile s ya mwisho, ati ndiyo alama ya usalama. Neno hilo ni kweli kwa simu na kwa kompyuta kubwa, maana waliozitengeneza walikwisha kutufanyia kazi yote ya ndani. Lakini kwa chombo kidogo ambacho wewe mwenyewe umekiandikia programu, ile s yaweza kuwa pambo tu. Sisi wa chama cha sayansi tulilijua jambo hili baada ya kukosea, nami nataka kueleza kosa lenyewe na namna tulivyolirekebisha.

Chombo chetu ni bodi iitwayo ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ukubwa wake wakaribia kisanduku cha kiberiti. Ina waifai ndani yake, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 520, ambayo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya simu ya mkononi. Programu zake twaziandika kwa MicroPython, ndugu mdogo wa lugha ya Python, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013 kwa ajili ya vyombo vya namna hii. Programu yetu ni skripti fupi, isiyozidi kurasa mbili za daftari.

Kazi tuliyokipa chombo hiki ni kulinda friji la chanjo katika zahanati ya misheni. Chanjo zapasa kukaa katika joto la digrii 2 mpaka 8. Zikipata joto zaidi zinapungua nguvu, na nyingine, kama ile ya pepopunda, huharibika zikiganda. Umeme wa kwetu hukatika usiku bila kubisha hodi. Basi tulitia ndani ya friji kipimajoto cha DS18B20, ambacho ni chembe ya chuma yenye nyaya tatu, na kila baada ya dakika 10 skripti husoma joto na kulipeleka kwa seva, yaani kompyuta iliyo mbali ambayo kazi yake ni kupokea na kujibu. Joto likitoka nje ya mipaka, seva humpelekea Sista ujumbe katika simu yake, hata kama ni saa nane za usiku. Bodi yenyewe ina taa ya kijani, na taa hiyo huwaka kila seva inapojibu kwamba imepokea.

Siku tuliyoifunga, Sista alituuliza, "Wanangu, sasa nikiiona taa ya kijani nilale?" Tukajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Sista." Jibu hilo lilitutia aibu baadaye.

Huenda mtu akauliza: joto la friji lina siri gani? Digrii tano ni digrii tano, na asome anayetaka. Naam, ni kweli. Lakini usiri ni jambo moja kati ya matatu, na kwa kazi yetu ndilo dogo kuliko yote. La pili ni kwamba namba isibadilishwe njiani. La tatu ni kwamba ifike kwa yule tuliyekusudia, si kwa mwingine aliyevaa jina lake. Tena pamoja na kila namba chombo hupeleka neno la siri, ili seva ijue kwamba habari hii yatoka kwetu. Mtu akilipata neno hilo aweza kuiambia seva kwamba friji liko salama, huku chanjo zinachemka.

Ombi la http tupu husafiri likiwa wazi kama postikadi. Huingia katika mlango namba 80 wa seva, na kila mtambo unaolipitisha waweza kulisoma na hata kulifuta na kuandika jingine. Ombi la https huingia kwa mlango namba 443, na maneno yake yamegeuzwa kuwa mafumbo. Kanuni za kufumba zilitolewa kwanza na kampuni ya Netscape ya Marekani katika mwaka 1995 kwa jina la SSL, zikaandikwa upya mwaka 1999 kwa jina la TLS. Zinazotumika sasa ni toleo la 1.2 la mwaka 2008 na la 1.3 la mwaka 2018. Yale mawili yaliyotangulia ya TLS yalitangazwa mwaka 2021 kuwa hayafai tena.

Sasa tufike penye ajabu. Inawezekanaje vyombo viwili ambavyo havijaonana kamwe kupatana juu ya ufunguo wa siri, hali kila wanalosema lasikiwa na watu wote? Hesabu yake ilitangazwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman. Chukua karatasi tuifanye kwa namba ndogo.

Bodi na seva wanakubaliana hadharani juu ya namba mbili, 17 na 3. Bodi inachagua moyoni namba yake ya siri, tuseme 6. Inazidisha 3 kwa kipeo cha 6, inapata 729, inagawanya kwa 17 na kuchukua baki, yaani 15. Hiyo 15 inaitangaza. Seva nayo inachagua 7 kwa siri. 3 kwa kipeo cha 7 ni 2187, na baki lake baada ya kugawanya kwa 17 ni 11. Inaitangaza 11. Bodi sasa inachukua ile 11 na kuipandisha kwa kipeo cha 6, siri yake. Baki ni 8. Seva inachukua 15 na kuipandisha kwa kipeo cha 7. Baki ni 8 vilevile. Wote wawili wana 8, wala 8 haikutamkwa popote. Aliyekuwa akisikiliza anajua 17, 3, 15 na 11, na kwa namba ndogo hivi atakisia upesi. Lakini namba halisi zikiwa na tarakimu mamia, kompyuta zote za dunia zitachoka kabla hazijazitafuta siri zile mbili. TLS ya leo mara nyingi hutumia hesabu ya namna nyingine kidogo, lakini kanuni ya kupatana ni ile ile.

Niliporudia hesabu hii kwa mkono nilifurahi sana, nikadhani mambo yamekwisha. Mwalimu wetu wa fizikia akaniuliza swali moja tu: "Hiyo 8 umepatana na nani?"

Angalieni vizuri. Hesabu haiulizi jina. Mtu mwingine akikaa katikati ya njia, aweza kufanya hesabu na bodi, wakapatana juu ya 8. Kisha akafanya hesabu nyingine na seva, wakapatana juu ya namba nyingine. Kila upande utaona mafumbo safi kabisa, na yule wa katikati atasoma yote. Umefunga sanduku kwa kufuli ya chuma, ukamkabidhi mwizi ufunguo mkononi.

Mwalimu hakutuacha katika maneno. Jioni moja, kwa ruhusa ya Sista, mwenzangu wa kidato cha sita alichukua kompyuta yake mpaka barazani pa zahanati, akaifanya itoe waifai yenye jina lile lile la zahanati na neno lile lile la kuingilia. Neno hilo halikumpa taabu kulipata; limebandikwa ukutani karibu na mlango. Tukazima kifaa cha waifai cha zahanati, na bodi ikajiunga na ile ya uongo bila kusita. Bodi ikauliza, kama desturi, "Seva yenye jina fulani ina anwani gani?" Kompyuta ikajibu, "Ni mimi hapa." Mwenzangu alikuwa amejiandikia cheti cha uongo chenye jina la seva yetu, kazi ya dakika mbili. Wakaamkiana, wakapatana ufunguo. Tukakitoa kipimajoto ndani ya friji na kukishika kiganjani. Katika kioo cha kompyuta tukasoma, herufi kwa herufi, neno letu la siri, na baada yake digrii 31. Kompyuta ikajibu 200, ambayo katika lugha ya tovuti ni kusema "nimepokea, vema". Taa ya kijani ikawaka. Simu ya Sista haikulia.

Anwani katika skripti yetu ilianza kwa https tangu mwanzo.

Sababu ni hii. Ile moduli ya requests ambayo watu wa MicroPython huitumia kwa desturi, katika toleo tulilokuwa nalo, imeandikwa wazi ndani yake kwamba cheti cha seva kisikaguliwe. Inafumba maneno, lakini haiulizi mtu. Siwalaumu sana walioiandika: kukagua kunataka kumbukumbu, kunataka saa iliyo sahihi, kunataka vyeti vilivyohifadhiwa, na bodi nyingi ndogo hazina vitu hivyo. Lakini ingefaa ipige kelele kidogo, maana mwanafunzi akiona s anapumzika.

Cheti ni kitu gani basi? Fikiri cheti cha ubatizo. Mtu yeyote aweza kuchukua karatasi na kuandika jina lake na la wazazi wake; kinachoifanya karatasi iaminiwe ni muhuri wa parokia. Cheti cha seva kina jina la seva, ufunguo wake wa hadhara, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na sahihi ya mthibitishaji, ambayo yaweza kuhakikishwa kwa hesabu. Mthibitishaji naye ana cheti kilichotiwa sahihi na mkubwa wake, mpaka tufike kwa cheti cha mzizi, ambacho hakuna wa kukishuhudia ila sisi wenyewe tuliokubali kukiamini. Simu yako ina vyeti vya mizizi zaidi ya mia vilivyotiwa kiwandani. Bodi yetu haikuwa na hata kimoja.

Tukaenda kuchukua cheti. Hapa mwenzangu alifanya kosa la pili, nami nilimsaidia kulifanya: tulichukua cheti cha seva yenyewe badala ya cha mzizi. Cheti cha seva hakidumu. Seva yetu hutumia vyeti vya Let's Encrypt, ambao walianza kuvitoa bure mwaka 2015, vikiwa vya siku 90. Tena mwaka 2025 wathibitishaji na watengenezaji wa programu za kusomea tovuti walipiga kura kwamba muda mrefu kabisa wa cheti ufupishwe hatua kwa hatua, mpaka ufike siku 47 mwaka 2029. Kama tungeacha kile cha seva, chombo kingekataa kazi kabla ya muhula kwisha. Tukaweka cha mzizi, kiitwacho ISRG Root X1, kikiwa katika muundo wa DER, ambao ndio MicroPython huutaka. Ule wa herufi zinazosomeka, PEM, waweza kukataliwa.

Tukawasha. Ikakataa. Ikamkataa mwenzangu na kompyuta yake ya uongo, tukapiga makofi; kisha ikaikataa na seva ya kweli, makofi yakakoma.

Kosa hili la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana halina uhusiano wowote na mafumbo. Bodi haina betri ya saa. Kila inapokatiwa umeme na kuwashwa tena, huamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2000. Ikaletewa cheti kilichotolewa mwaka huu, ikasema kwa akili timamu kwamba cheti hiki hakijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo yapasa kwanza kuuliza saa. Ipo kanuni ya kuuliza saa mtandaoni, NTP, aliyoitunga David Mills wa Marekani na kuitangaza mwaka 1985. Huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1900. Katika MicroPython ni mstari mmoja tu. Saa inayorudishwa ni ya Greenwich, nasi tumetangulia saa tatu, kisha Kiswahili chetu chahesabu saa kuanzia mapambazuko. Basi chombo kikiandika saa 3 kamili, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Juma la kwanza tulifikiri friji lilikuwa likifunguliwa usiku wa manane, kumbe ni mhudumu wa zamu ya asubuhi.

Hii ndiyo mistari yenyewe, kwa anayetaka kujaribu. Neno jina husimama badala ya jina la seva yako, nawe uliandike juu ya mistari hii:

import socket, ssl, ntptime
ntptime.settime()
mzizi = open("mzizi.der", "rb").read()
kanuni = ssl.SSLContext(ssl.PROTOCOL_TLS_CLIENT)
kanuni.verify_mode = ssl.CERT_REQUIRED
kanuni.load_verify_locations(cadata=mzizi)
njia = socket.socket()
njia.settimeout(10)
njia.connect(socket.getaddrinfo(jina, 443)[0][-1])
njia = kanuni.wrap_socket(njia, server_hostname=jina)

Mstari wa tano ndio unaosema cheti sharti kikaguliwe. Wa sita unatoa cheti cha mzizi cha kukagulia. Wa nane unaizuia bodi isingoje milele pale mtandao unapolala. Wa mwisho unataja jina la seva, na usiuache: bila jina, cheti halali cha mtu mwingine yeyote kingeweza kukubaliwa, kwa kuwa nacho kina muhuri wa kweli. Baada ya hapo andika ombi lako kwa njia.write, soma jibu, kisha ufunge kwa njia.close. Kufunga si adabu tu. Kipande kimoja cha mafumbo chaweza kufika baiti 16,384, na bodi ina njia chache za kufungua kwa wakati mmoja. Sisi tulisahau kufunga, na chombo kikafa kimya baada ya maombi machache.

Neno la siri litie katika kichwa cha ombi, si katika anwani, kwa sababu seva nyingi huandika anwani zote katika daftari lao la kumbukumbu, na daftari hilo husomwa na wengi. Hata hivyo, ndani ya bodi neno hilo liko wazi, na atakayeiiba bodi atalisoma kwa waya wa kawaida. Dawa yake ni kwamba kila chombo kiwe na neno lake peke yake, lenye ruhusa ya kupeleka joto tu na si kusoma wala kufuta chochote. Likiibiwa, seva hulifuta hilo moja na kuanza kukijibu chombo hicho 401, yaani "sikutambui".

Saa nayo ina udhaifu wake, maana NTP ya kawaida haina mafumbo wala cheti. Mtu wa barazani angeweza kuidanganya bodi kwamba ni mwaka mwingine, ili ikubali cheti kilichokwisha ambacho ufunguo wake uliibiwa zamani. Hatukupata dawa kamili. Tumeandika katika skripti kwamba saa yoyote iliyo nyuma ya siku skripti ilipoandikwa ni ya uongo, isikubaliwe.

Tukabishana siku mbili juu ya jambo jingine: cheti kikikataliwa, chombo kifanye nini? Wengine walisema kipeleke tu bila kukagua, maana habari isiyo salama ni afadhali kuliko kukosa habari. Mimi nilikataa, na bado nakataa. Mlinzi anayefungua lango kila anapogongewa mara ya pili hana kazi pale. Tuliamua mambo mawili. Kwanza, bodi ikishindwa kupeleka mara tatu, kengele ndogo ilie hapo hapo zahanati, pasipo kungoja mtandao. Pili, na hili ni la upande wa seva, isipopata habari kwa dakika 30 imwandikie Sista kwamba haijasikia neno kutoka friji. Hapo kwanza seva ilikuwa ikichukua kimya kuwa ni heri. Jioni ile ya kompyuta ya uongo, ukimya ule ndio uliotuponza, kuliko hata neno la siri lililosomwa.

Tulirudia jaribio la barazani mbele ya Sista. Waifai ya uongo ikapokewa, jina likajibiwa, cheti cha uongo kikaletwa. Bodi ikavunja maamkio kabla ya kutoa hata herufi moja ya neno la siri. Baada ya nusu saa kengele ilikuwa ikilia, na simu ya Sista ikalia pamoja nayo. Akasema kengele ni kali mno kwa wagonjwa waliolazwa, tukaifunika kwa kipande cha kitambaa.

Limebaki jambo la tarehe. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mzizi kilichotumiwa na wengi, DST Root CA X3, kilikwisha muda wake, na vyombo vingi vya zamani duniani vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa nzima, kwa kuwa hakuna aliyevitia cheti kipya. Kile tulichokitia sisi kitakwisha tarehe 4 Juni 2035, na seva yaweza kuhamia mzizi mwingine hata kabla ya hapo. Tarehe hiyo, pamoja na maelezo ya namna ya kubadilisha faili ya mzizi.der, tumeiandika kwa wino ndani ya kifuniko cha sanduku la bodi, na nakala moja iko katika kabati la maabara, rafu ya juu, kwa wale watakaokuwa chama cha sayansi wakati huo.